Boya Lisilosomwa Haliokoi Chombo

Alama za majini ni lugha. Humfaa aliyefunzwa kuisoma. Kwa asiyeijua ni pambo tu linaloelea. Nasikitika kwamba katika nchi hii yenye Bahari Hindi upande mmoja na Ziwa Victoria upande wa pili, elimu hiyo tumewaachia manahodha wa meli kubwa, ilhali mashua na mitumbwi imejaa wavuvi, abiria na watoto wetu.

Hebu tuyatazame yaliyotokea mwaka wa 1971 katika mlangobahari wa Dover, baina ya Uingereza na Ufaransa. Mnamo Januari 11, meli ya mafuta iitwayo Texaco Caribbean iligongana na meli ya Peru, Paracas, ikalipuka na kuzama. Siku iliyofuata, meli ya Ujerumani, Brandenburg, iliyagonga mabaki yale nayo ikazama. Mabaki hayo yakawekewa alama na taa. Hata hivyo, Februari 27, meli ya Ugiriki, Niki, iliyagonga vilevile, na mabaharia wote 22 wakaangamia. Alama zilikuwepo, lakini hazikuwafaa.

Msiba huo uliwazindua wakuu wa bahari. Wakati huo ulimwengu ulikuwa na mitindo zaidi ya 30 ya kuweka alama, mingine ikipingana. Chini ya uongozi wa IALA, chama cha kimataifa cha wasimamizi wa minara ya taa, mataifa yalipatana mwaka wa 1980 kufuata utaratibu mmoja, ingawa dunia iligawanywa kanda mbili.

Kenya imo katika kanda ya A. Chombo kinachoingia bandarini Kilindini kutoka baharini huyaacha maboya mekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Kikitoka, mambo hugeuka. Huko Marekani na Japani, zilizo katika kanda ya B, rangi hizo hubadilishana pande. Boya la manjano na jeusi lenye koni mbili juu yake hutaja dira: koni zote zikielekea juu, maji salama yako kaskazini mwa boya, zikielekea chini, yako kusini. Boya jeusi lenye mshipi mwekundu na tufe mbili nyeusi huonya kwamba hatari iko papo hapo chini yake.

Mwanafunzi atambue kwamba akili ya barabarani haitoshi hapa. Barabarani, taa nyekundu ni amri ya kusimama. Majini, boya jekundu halimsimamishi mtu. Humwonyesha tu ukingo wa njia.

Huenda msomaji akanijibu kwamba mvuvi huijua bahari tangu utotoni na hana haja ya maboya. Naiheshimu elimu hiyo ya jadi, lakini haitoshelezi. Kwanza, maji hubadilika. Mwaka wa 2020, Ziwa Victoria lilifurika hadi kimo kisichopata kurekodiwa kabla yake, na mwamba uliochungulia jana waweza kufichika leo. Pili, meli kubwa hudai kina kirefu, kwa hivyo haiwezi kuiacha njia yake ili kumpisha mwenye ngalawa. Mvuvi anayeyasoma maboya hujua meli itapita wapi, naye akajitenga mapema. Asiyeyasoma hutega nyavu zake katikati ya njia kuu.

Lipo pia jambo la uadilifu. Anayefunga mashua kwenye boya, au anayeiba taa yake, humdanganya kila nahodha atakayepita usiku. Naamini kijana aliyefunzwa maana ya alama hiyo hatathubutu kuigusa.

Ndiyo maana nawasihi walimu, hasa wa jiografia, wasingoje mtalaa mpya. Kipindi kimoja chatosha kuchora ubaoni mkondo wa bandari, boya jekundu lenye umbo la kopo upande huu na la kijani lenye umbo la koni upande ule, kisha kumwuliza mwanafunzi: mashua yako inaingia au inatoka? Wenzao walioko Lamu, Mombasa, Homa Bay na Busia wawaalike manahodha na wavuvi wazee darasani, ili elimu ya jadi na hii ya maboya zifunzwe pamoja. Wakenya wengi huvuka maji kila siku. Wana haki ya kujua wanachoambiwa na maboya wanayoyapita.