Nani Atamlipia Binti Asomaye Elimunafsi?



Miongoni mwa mabinti wa Mombasa, Lamu na Malindi waliopokewa na shangazi na mama zao wadogo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, yaani Buruburu, Umoja, Eastleigh na Majengo ya Pumwani, wapo wanaosomea shahada ya uzamili ya elimunafsi. Masomo ya darasani huyamaliza. Kinachowakwamisha aghalabu ni tasnifu: karo imekwisha kuliwa, na bado inatakiwa nauli ya kuwaendea watu, gharama ya kuchapisha hojaji na ada ya kibali cha NACOSTI. Si fedha nyingi kama za karo, lakini hazina mwenyewe. Wazazi hudhani mwana amekwisha kusoma.

Nasi tunamhitaji binti huyu kuliko tunavyokiri. Mama aliyejifungua akawa halali wala hali, kijana aliyejifungia chumbani, binti aliyerudi Ghuba akiwa kimya: wote hawa tunawapeleka kwanza kusomewa, na kusomewa kuna heri yake, kisha basi. Wazee wetu wa elimu hawakuishia hapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akapambanua huzuni ijulikanayo sababu yake na ile isiyojulikana. Katika zama zetu Malik Badri wa Sudan, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwahimiza Waislamu wasiichukue elimu hii ya Magharibi bila kuichuja.

Sasa tuje kwenye fedha. Mlango wa karibu ni HELB, ambayo huwakopesha pia wanafunzi wa uzamili. Ila mkopo wake una riba, na hapo wengi wetu husita, wala hatuwalaumu. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ina mpango wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, kama Kenya. Kwa jamii fedha hizo ni msaada, kwa mwanafunzi ni karadha isiyo na riba, na anayorudisha husomesha wengine wa jamii yake. Tahadhari moja: mpango huo tangu zamani umependelea udaktari na uhandisi, hivyo binti na asome tangazo la mwaka wake kabla ya kujaza fomu.

Mwenye watoto wadogo, au mume asiyeweza kuhama, tungemwelekeza kwenye ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali, ambao humwezesha kusoma uzamili wa chuo cha Uingereza akiwa kwake Umoja. Chevening hulipa kila kitu, lakini humtaka mtu asafiri, awe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, na arudi nyumbani akae miaka 2.

Kwa utafiti wenyewe, Hazina ya Taifa ya Utafiti imewahi kutoa ruzuku kwa wanafunzi wa uzamili. Na huku kwetu pwani kuna KEMRI-Wellcome ya Kilifi, ambayo kupitia programu yake ya IDeAL imewasomesha watafiti vijana. Ni Kilifi hiyo hiyo alikofanyia utafiti wake wa makuzi ya watoto Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Mfadhili hutazama swali kabla ya shida ya muombaji. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nairobi, ambapo wahudumu wa afya wa kijamii, si madaktari, waliwasaidia kwa vikao 5 wanawake waliowahi kudhulumiwa, na dhiki yao ikapungua. Je, vikao hivyo vingefaaje kwa mjane wa Pumwani aliye edani miezi minne na siku kumi? Nani ataingia kwake, na atasema naye vipi? Swali hilo mtu wa mbali hawezi hata kuliwaza. Binti yetu analo mlangoni.

Kamati za misikiti nazo zina lao. Wanavyuoni wengi wamejuzisha zaka kwa mwanafunzi mhitaji wa elimu yenye manufaa. Waulizwe masheikh wa mtaa, kisha ifunguliwe japo bahasha moja kwa ajili ya tasnifu.

Na wewe mama wa Majengo utakayebishiwa hodi na binti mwenye karatasi mkononi: mwambie akuoneshe kibali, akusomee kwa Kiswahili unachoombwa kukiridhia, na ujue waweza kukataa swali lolote bila ya lawama. Ukikubali, mjibu kweli.