Ardhi Tupu Haihitaji Jeshi

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani kwa nini Waaborijini wa Australia hawakupigana walipoporwa ardhi yao. Sikumlaumu; swali lake ni zao la historia iliyoandikwa na mporaji.

Walipigana. Pemulwuy, shujaa wa Wabidjigal, aliwasumbua walowezi wa Sydney kwa takriban miaka 12 hadi alipouawa mwaka 1802. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na mpaka leo hakijapatikana. Sisi tuliosubiri fuvu la Mkwawa hadi mwaka 1954 tunauelewa uchungu huo. Mwaka 1824 Windradyne na Wawiradjuri walipambana vikali kiasi cha gavana kutangaza sheria ya kijeshi katika eneo la Bathurst. Kisiwani Tasmania, mwaka 1830, serikali ilipanga mstari wa watu zaidi ya 2,000, wakiwamo askari, walowezi na wafungwa, ili kuwasaka wenyeji waliokwisha kubaki wachache mno.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Dola iliyodai kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe ndiyo iliyolazimika kuipigania. Ardhi tupu haihitaji jeshi. Ili kuuficha mgongano huo, wakoloni walikimbilia maneno. Kule Queensland, taarifa za polisi zilisema wenyeji "wametawanywa", na waliozisoma walijua kwamba maana yake ni kupigwa risasi.

Wapo watakaotaja Myall Creek, ambako Waaborijini wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliuawa Juni 1838, na wauaji 7 wakanyongwa. Ni kweli, haki ilitendeka. Lakini hukumu ile ilikuwa ya nadra, na wauaji wengi waliofuata walijifunza usiri, si huruma. Dhana ya ardhi isiyo na mwenyewe ilikuja kukataliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1992, katika kesi ya Mabo.

Wajerumani waliyaita mapambano ya Maji Maji maasi. Sisi tunayaita vita. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana mwasi huadhibiwa, bali mpiganaji hukumbukwa. Waaborijini wanaodai mapambano ya wahenga wao yaitwe vita hawaombi fadhila. Wanadai wafu wao waitwe kwa jina lao.