Rangi ya kwatzi ya waridi inatoka wapi

Rangi ya kwatzi ya waridi haitokani tu na titani. Jiwe lenyewe ni silikoni na oksijeni, ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, nalo hujengeka katikati ya miamba ya pegmatiti magma inapopoa. Utafiti uliochapishwa 2001 ulionyesha kuwa vipande vyake vikiyeyushwa kwa asidi hubaki nyuzi laini za waridi, madini yanayokaribiana na dumotieriti. Nyuzi hizo ndizo zenye rangi, ndizo zinazolitia jiwe ukungu, na zikijipanga sawasawa, jiwe lililosuguliwa likawa duara huonyesha nyota ya miali sita chini ya taa moja. Kwa wale wanaodai kuwa jua hulifubaza: hilo huikumba hasa aina adimu yenye fuwele kamili, ya Minas Gerais nchini Brazili, ambayo rangi yake inahusishwa na alumini na fosforasi. Hii ya kawaida, inayochimbwa Brazili na Madagaska, huvumilia zaidi, nayo huchongwa shanga, vidani na sanamu. Mnunuzi akiona viputo vya hewa ndani, huenda hiyo ni glasi, si kwatzi.