Wanawake wa Uskoti wamepata vitabu vyao, wamama wa Nyangwe bado

Uskoti, inchi ambayo wengi hapa Kongo wanaijua kwa jina la Kifaransa, Écosse, ina wakaaji karibu milioni 5.5. Kinshasa peke yake inaipita mbali. Lakini ukiingia katika maktaba kubwa za Ulaya utakuta rafu nzima ya vitabu vinavyoeleza namna watu hao wachache walivyoenea duniani na kuacha alama zao kila mahali. Mwaka 2001, Mmarekani Arthur Herman alifika hata kuandika, kwenye jalada la kitabu chake, kwamba Waskoti ndio waliouvumbua ulimwengu wa kisasa. Miaka 10 baadaye mwanahistoria wa kwao, Tom Devine, akatoa kitabu kingine kinene juu ya safari zao hadi miisho ya dunia, akiwa na majivuno machache zaidi.

Mkongomani anaweza kusema: hayo yananihusu nini? Yanamhusu sana. William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Campbeltown, alikuwa rafiki wa mfalme Leopold II na alitia pesa katika kamati ya mwaka 1878 iliyomfungulia Leopold njia ya kuingia Kongo. Frederick Arnot wa Glasgow alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, na jina la Garenganze aliloandika kwenye kitabu chake lingali kwenye makanisa ya Katanga mpaka leo. Dan Crawford wa Gourock alimfuata, akaishi Luanza, kando ya ziwa Mweru, mpaka kifo chake mwaka 1926. Na mbele yao wote alipita David Livingstone, ambaye mwaka 1871 alikaa miezi mingi Maniema.

Wote ni wanaume. Na hapo ndipo vitabu vipya vya Waskoti vinapoanza kuwa na faida kwa msomaji wa Goma, Bukavu au Kindu, kwa sababu wanawake wao wenyewe walikuwa wamesahauliwa.

Mwaka 2006 chuo kikuu cha Edinburgh kilichapisha kamusi ya maisha ya wanawake wa Uskoti, chini ya Elizabeth Ewan, Sue Innes na Siân Reynolds. Haikuwa kamusi ya malkia peke yao. Mamia ya wanawake waliingizwa humo kwa herufi za majina yao: wafanyakazi, madaktari, waandishi, wasafiri, wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Mwaka 2018 ikatoka tena, ikiwa imeongezewa wengine. Kazi ya namna hiyo haina kelele, lakini inabadilisha mambo. Mwandishi wa habari au mwalimu akitafuta jina, analipata. Hawezi tena kujitetea kwamba wanawake hawakuwepo.

Mmoja wa wanaojulikana zaidi ni Mary Slessor. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1848, baba mlevi, familia maskini, wakahamia Dundee. Akiwa na miaka 11 alikuwa tayari kiwandani: nusu siku kwenye mashine za kufuma, nusu siku shuleni. Mwaka 1876 akafika Calabar, katika Nigeria ya leo, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1915, miaka karibu 39. Alijifunza Kiefik mpaka akakisema kama mwenyeji. Aliwaokoa watoto mapacha waliokuwa wakiachwa wafe porini, kwa sababu mapacha walihesabiwa kuwa laana, na wengine akawalea kama wanawe. Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ikamfanya hakimu wa Okoyong. Kuanzia mwaka 1997 benki moja ya Uskoti ikaweka sura yake kwenye noti ya pauni 10. Mtoto wa kiwandani kwenye noti! Si jambo dogo, hasa kwa yule anayejua kwamba noti nyingi za dunia zimejaa masharubu.

Hata hivyo, soma vitabu vya zamani juu yake na utaona kasoro. Walimwita malkia mweupe wa Okoyong. Okoyong ilikuwa na wamama wenye sauti, na wasichana aliowalea walimfanyia kazi, walimtafsiria na kumuuguza, lakini katika vitabu hivyo wanapita nyuma yake kama kivuli. Mwanamke mmoja ametolewa gizani, na wengine wameachwa humo humo.

Mary Moffat, mke wa Livingstone, ni hadithi ya huzuni zaidi. Alizaliwa mwaka 1821 Griquatown, Afrika Kusini, baba yake akiwa mmisionari Mskoti. Alikua akisema Kitswana tangu utoto. Alivuka jangwa la Kalahari na mume wake akiwa na mimba, na mwaka 1850 akazika mtoto mchanga. Mwaka 1852 Livingstone akamrudisha Uingereza na watoto wanne, yeye akaendelea na safari zilizomfanya shujaa. Zaidi ya miaka minne mama huyo alizunguka nyumba za watu, bila pesa, katika inchi ambayo haikuwa kwao. Alikufa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwezi wa nne 1862. Mwaka 2012 mwandishi wa habari Mskoti Julie Davidson akatoa kitabu cha kumtafuta. Ilichukua miaka 150 mtu kusafiri mpaka kaburini kwake na kuuliza: mama huyu alikuwa nani?

Sasa turufu iko Maniema. Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, si mbali na Kasongo, ilikuwa na soko kila baada ya siku chache. Livingstone alikaa pale mwaka 1871 akingojea mitumbwi ambayo hakuipata, na kila siku ya soko alikwenda kutazama. Aliandika kwamba wengi wa waliokuja walikuwa wanawake: wamebeba samaki, chumvi, vyungu, kuku, mihogo, mawese, wakibishana bei na kucheka. Kwa mtu anayejua soko la Kadutu au la Birere, picha hiyo si ngeni hata kidogo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliojitengenezea kutoka mimea.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara kutoka pwani walifyatua risasi ndani ya umati. Wamama walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikajaa, ikapinduka, wengi wakazama Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika London mwaka 1872 ilichoma mioyo, ikasaidia kusukuma mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Wanahistoria wanaitaja mpaka leo. Mwaka 2011 wataalamu walitumia picha za mwanga wa pekee kusoma upya yale magazeti yaliyofifia, wakayaweka kwenye intaneti. Wino wa mzee huyo umeokolewa, herufi kwa herufi.

Lakini katika hesabu hiyo ya waliokufa, ni mama gani anayetajwa kwa jina?

Si kosa la Livingstone peke yake. Angalia pia Halima, mpishi wake, mwanamke aliyekuwa katika msafara mpaka Chitambo, mahali alipofia mwaka 1873, na aliyetembea na maiti kuelekea pwani. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakasaidia kutayarisha kitabu cha safari za mwisho. Halima hakuwemo. Ilibidi mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, aandike riwaya mwaka 2019 ili Halima apewe nafasi ya kusimulia. Ni riwaya, si historia, lakini inaonyesha kwamba Mwafrika hana lazima ya kungoja Edinburgh imtafutie watu wake.

Wengine watasema kwamba mashariki ya Kongo kuna vita, wakimbizi na njaa, na kwamba majina ya watu wa zamani yanaweza kungoja. Hoja hiyo inaonekana ya busara mpaka mtu asome ripoti za vita hivyo hivyo. Majina ya makamanda yanajulikana hata na watoto wa shule. Wamama wanakuja kwa hesabu: kumi wameuawa shambani, elfu kadhaa wamekimbia. Ni kweli, mwanamke aliyebakwa anafichwa jina ili alindwe, na hilo ni haki yake. Lakini aliyekufa akitoka sokoni na kitunga chake kichwani, jina lake linafichwa kwa faida ya nani? Waandishi wa habari wa Kongo, ambao wanaandika kwa haraka na kwa simu mbovu, wana sehemu yao katika lawama hiyo.

Ukimwomba mwanafunzi wa chuo kikuu ataje wanawake watano wa historia ya Kongo, atasema Kimpa Vita, atasema Sophie Kanza, waziri wa kwanza mwanamke mwaka 1966, halafu ataanza kutazama dari.

Kamusi ya wanawake wa Kongo ingewezekana, na haingekuwa na lazima ya kuwa ya watakatifu. Waskoti wenyewe wamejifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2015 Devine alisimamia kitabu kinachofunua kwamba mali nyingi ya Uskoti ilitoka katika mashamba ya watumwa ya Karibi. Na Uingereza ilipolipa fidia ya pauni milioni 20 baada ya kufuta utumwa, si kwa watumwa bali kwa mabwana wao, wanawake wengi walipanga mstari kuchukua sehemu yao. Kuandika juu ya wanawake ni kuandika pia yale. Huku nyumbani nako kuna wamama waliofaidika na biashara ya watu na ya bunduki.

Kinachokosekana si habari. Shajara ya mwaka 1871 inasomwa bure kwenye intaneti, ingawa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa historia wa Kindu anaweza kuifungua kwenye simu, akapata mwenzake wa kumsaidia kutafsiri kurasa za soko, kisha akapanda pikipiki mpaka Nyangwe na kuwauliza wazee ni familia gani zilizokuwa zikileta samaki pale, na ni zipi zinazokumbuka mtu ambaye siku ile hakurudi.