Geji Nne Zinawaka Kama Disko, Injini Imekufa, Halafu Lawama kwa Fundi?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, wiki hii anataka mji mzima umlilie. Ile pikapu yake ya zamani, Hilux yenye umaarufu kuliko nyimbo zake, imemzimikia akitokea Morogoro. Hedi imepasuka. Kaingia laivu, kamtaja fundi kwa jina mpaka na gereji yake, mashabiki wakamshukia jamaa wa watu kwa matusi hadi kafunga akaunti.

Sasa ukweli usemwe, maana ushahidi kaupost staa mwenyewe.

Mwezi uliopita alionyesha geji nne mpya kwenye dashibodi, taa za bluu, muziki kwa nyuma, mbwembwe kibao. Ya kwanza kushoto ni ya turbo. Wee! Gari ina injini ya 2L, dizeli ya kawaida isiyo na turbo. Inapima nini, upepo wa dirishani? Video nzima mshale umelala kwenye sifuri hata akikanyaga mafuta, na watu wanamwaga vimoto tu huko chini.

Ya pili ni ya joto la maji, ya tatu presha ya oili. Zote mbili mishale imelala wakati gari inatembea. Geji ya joto inataka sensa yake kwenye njia ya maji ya injini na waya wa kuleta taarifa ndani. Ya oili nayo inataka sensa yake kwenye injini. Lakini staa alipofungua boneti ajisifu, zilionekana waya mbili tu, nyekundu na nyeusi, zimepigwa moja kwa moja kwenye betri. Hizo ni za umeme wa kuwashia taa. Iliyokuwa inasema kweli ni ya nne peke yake, ya volti, kwa sababu yenyewe waya mbili za betri zinaitosha.

Na fyuzi hakuna. Waya umepita kwenye tundu la bati bila hata mpira. Siku bati likila plastiki ya waya, ni shoti, na moto unaanzia miguuni kwa dereva. Hapo fundi naye ana kosa lake, asitetewe.

Ila kilichoua injini ni kingine. Ili hizo geji zikae vizuri kwenye kamera, kibao chake kimefunika geji ya joto ya kiwandani. Ilikuwa kuukuu, kioo kimefifia, lakini ilikuwa inafanya kazi! Gari imechemka njia nzima, dereva anaangalia mshale wa mapambo unaomwambia kila kitu shwari. Na hizi dizeli za zamani ukizichemsha, hedi haikusamehi.

"Fundi angemshauri." Alimshauri! Kwenye video ya siku ya kufunga anasikika kabisa: "Bro, hii ya joto tuifungie sensa, nipe na kesho." Staa akajibu kesho ana shuti. Leo mwenye haraka ndiye analia, na aliyeomba siku moja zaidi ndiye anakosa wateja.

Wanaoumia zaidi ni madogo wa kirikuu na pikapu za mizigo wanaoiga. Wao hawana shoo ya wikiendi ya kununulia injini nyingine, na bosi anasubiri hesabu jioni.

Staa kama anabisha, afungue hicho kibao aonyeshe waya za sensa. Kama hazipo, amsafishe fundi kwa jina lilelile alilomchafulia. Na wewe mwenye pikapu ya zamani, geuza swichi bila kuwasha injini: taa nyekundu ya oili inawaka? Kama haiwaki, anza na hiyo kabla ya mataa ya bluu. Dondosha komenti utuambie umekuta nini.