Aliyejua theluji hajajua maji

Familia nyingi za Goma, Bukavu na Uvira zina watoto wao Marekani. Watoto hao walitoka kambini Uganda, Burundi ao Tanzania, wakapelekwa katika miji ambayo wazazi hawakuwahi kusikia majina yake. Mmoja wa miji hiyo ni Boise, katika jimbo la Idaho. Wakati wa baridi, mlima ulio karibu na mji, mahali panapoitwa Bogus Basin, hujaa theluji, na vijana huteremka wakiwa wamesimama juu ya ubao uliofungwa miguuni. Mchezo huo unaitwa snobodi. Wakati wa joto, vijana wa mji huo huo huenda kwenye bwawa la Lucky Peak, na huko boti huwavuta kwa kamba wakiwa wamesimama juu ya ubao mwingine. Huo unaitwa wekibodi.

Video za michezo hiyo zinafika kwenye simu za huku, na pamoja nazo yanafika maneno haya: aliyezoea ubao wa theluji hana la kujifunza kwenye maji. Ubao ni ubao. Apewe kamba, aende.

Maneno hayo ni ya uongo, tena uongo wenye hatari. Lazima yajibiwe, kwani mtoto aliye mbali bado humsikiliza mzazi wake. Mama aliye kambini akipigiwa simu na kuulizwa, neno lake lina uzito. Akisifu bila kujua, anamsukuma mtoto majini.

Ni kweli kwamba mbao hizi mbili ni ndugu. Zote zimezaliwa na ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, mhandisi Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ili watoto wake wa kike wateleze juu ya theluji wakiwa wamesimama. Ubao huo uliitwa Snurfer, na baadaye ulifungwa kamba mbele ya kushikilia. Miaka 20 hivi baadaye, mwaka 1985, Tony Finn wa San Diego alitoa ubao wake wa kuvutwa na boti, akauita Skurfer. Snobodi iliingia katika michezo ya Olimpiki huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Wekibodi haijaingia mpaka leo. Lakini ndugu hawana tabia moja. Kila mwenye familia anajua hilo.

Kwanza, haki itendeke. Wako watu wa upande wa pili wanaosema theluji haisaidii kitu, na kwamba kijana akifika majini ni mtoto mchanga. Nao wanakosea. Aliyejifunza snobodi anajua tayari ni mguu gani wa kuweka mbele, wa kushoto ao wa kulia, na mguu huo haubadiliki majini. Anajua kukunja magoti. Anajua kwamba ubao hugeuka kwa kulalia ukingo wake, upande wa visigino ao upande wa vidole. Anajua kwamba ukingo ukikamata vibaya mtu hutupwa chini ghafla. Na zaidi ya yote, miguu yake imezoea kufungwa kwenye ubao mmoja, jambo linalomtia hofu kila anayeanza. Elimu hiyo ni mali. Anayemdharau mgeni kwa sababu tu amefika mahali papya, huyo naye apunguze sauti.

Lakini mali hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ndiyo wenye kujisifu hawaitaji.

Kwenye theluji, nguvu inatoka chini ya miguu, kwa sababu mlima una mteremko. Kwenye maji hakuna mteremko. Nguvu inatoka mbele, inapita kwenye kamba, inaingia mikononi. Aliyekuwa bwana wa mwendo wake mlimani, sasa mwendo uko mkononi mwa dereva wa boti. Anayeanza huvutwa polepole, na waliozoea hufika kama kilomita 30 kwa saa na zaidi. Kwa mwendo huo maji hayawi laini. Anayeanguka vibaya huyasikia kama ukuta.

Kuna jambo la uzito wa mwili. Mwalimu wa theluji hurudia kila siku: usiegemee nyuma, weka uzito kwenye mguu wa mbele. Kijana anatii mpaka mwili unazoea. Siku anapoingia majini, mwili unatii vilevile, anaegemea mbele, ncha ya ubao inazama, na yeye anaruka kichwa mbele. Majini anayeanza anatakiwa kuacha uzito kidogo kwenye mguu wa nyuma, ili ncha ya ubao ibaki juu. Kwa hiyo somo zuri la mlimani ndilo linalomwangusha. Asiyejua kitu hana tabia ya kuacha. Huyu anayo, na kuacha ni kazi.

Kuna jambo la kuinuka. Mlimani mtu hujiinua mwenyewe. Majini huanza amelala chali, magoti yamefika kifuani, ubao umekingama mbele yake, mikono imenyooka. Boti ikianza kuvuta, asivute kamba kuelekea kifuani na asisimame haraka. Aache boti imwinue, kama mtu anavyosaidiwa kutoka kwenye kiti, na akishapanda juu ya maji ndipo ageuze ubao uelekee mbele. Mwenye misuli na haraka huanguka mara nyingi kuliko mwenye subira.

Na kuna jambo la kusimama, ambalo ni kubwa kuliko yote. Kwenye theluji, anayetaka kusimama hugeuza ubao ukingame. Kwenye maji, anayetaka kusimama huachia kamba. Ni jambo jepesi kulisema. Lakini aliyezoea mlima, akishikwa na hofu, hugeuza ubao na kuendelea kushika kamba. Boti haijui kwamba anaogopa. Inaendelea kuvuta.

Hapo ndipo linapokuja suala la jile, lile koti la kuelea. Theluji haizamishi mtu aliyeanguka kwenye njia ya kawaida. Anakaa, anapumua, anacheka, anajifuta. Maji hayampi nafasi hiyo. Aliyeanguka ana ubao uliofungwa miguuni, na ubao huo unaelea, kwa hiyo unainua miguu yake huku kichwa kikitafuta pa kukaa. Akipoteza fahamu kwa kipigo cha maji, hata kujua kuogelea hakumsaidii. Jile ndiyo inayomweka juu mpaka boti irudi. Ndiyo sababu hata mabingwa wa mchezo huu huivaa. Na ndiyo sababu katika majimbo mengi ya Marekani, Idaho ikiwamo, dereva haruhusiwi kumvuta mtu akiwa peke yake: lazima awepo mwingine ndani ya boti, kazi yake ni kumtazama anayevutwa. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sasa kuna atakayeuliza: mambo haya ya mchezo wa Idaho yanawahusu nini watu wanaolala chini ya hema? Yanawahusu sana. Mkulima wa Masisi amejua mlima tangu utotoni. Anajua kupanda na mzigo mgongoni, anajua udongo unaoteleza wakati wa mvua. Elimu hiyo ni ya kweli, kama ile ya kijana wa snobodi. Vita vilipofunga barabara, mkulima huyo alijikuta Minova, mbele ya ziwa Kivu, na njia iliyobaki ya kufika Goma ilikuwa boti. Hakuna aliyemwambia kwamba ziwa lina sheria zake. Alipewa nafasi kati ya magunia, bila jile.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku. Watu waliokuwa ukingoni waliiona kwa macho yao. Wengi walikufa wakiwa wanaona nchi kavu. Miaka mitano kabla, mwezi wa Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kila abiria lazima avae jile. Tangazo lilikuwepo. Waliopanda boti ile ya Oktoba wanajua lilichowafaa.

Hapa ndipo aibu ilipo. Upande mmoja wa dunia, kijana anayeingia majini kwa kujifurahisha, katika bwawa dogo, amevaa jile na ana mtu wa kumtazama. Upande huu, mama anayekimbia risasi, na mtoto mgongoni, anavuka ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 400 akiwa na kitenge peke yake. Kijana anachezea maji, mama anayavuka kwa lazima. Aliye kwenye mchezo ndiye aliyelindwa. Yeyote anayesema jile ni mambo ya Wazungu, aende Kituku aulize waliopoteza watu.

Kwa hiyo neno kwa wazazi wenye watoto ng'ambo ni hili. Mtoto akipiga simu na kusema anataka kutoka kwenye theluji aende kwenye maji, asikatazwe na asisifiwe bure. Aulizwe maswali matatu: Una jile? Nani anakutazama? Unajua kuachia kamba? Akijibu vizuri yote matatu, na aende, miguu yake itamkumbuka mwalimu wa mlimani.

Na neno kwa wenye boti wa Kivu ni fupi zaidi. Mizigo ipunguzwe, jile ziongezwe. Abiria asiye na jile asipandishwe, na boti isiyo na jile isiondoke bandarini. Aliyetoka milimani hawezi kujua ziwa siku ya kwanza. Wao wanalijua, na wanapokea nauli yake.