Uchovu Usioisha Si Uvivu

Yapo mazoea yaliyoota mizizi Gikomba na mitaa jirani ya Majengo na Pumwani, nayo ni kumwita mvivu kila ambaye mwili wake umepunguza mwendo. Mama aliyekuwa wa kwanza kukata kamba za robota la mitumba alfajiri sasa amejikunyata ndani ya sweta jua la saa sita, sauti imekwaruza, ngozi imepauka na uzito unaongezeka ilhali hali sana, na majirani hunong'ona kwamba ameridhika na pesa au amerogwa. Watu wamchao Mungu, ambao bidii yao inasifika Nairobi nzima, hawakustahili kuhukumiana hivyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili kama hizo huenda zinatoka kwenye tezi ya thairoidi. Tezi hiyo, iliyo mbele ya koo, hutoa homoni inayouongoza mwili kutumia nguvu zake, na ikilegea, moyo, matumbo na hata fikra hupoa. Kipimo chake ni damu: hutazamwa homoni hiyo, iitwayo T4, pamoja na TSH, ambayo pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, huituma kuiamsha thairoidi. TSH ikipanda na T4 ikishuka, tezi imelegea, na dawa ni levothairoksini, inayomezwa kwa maji matupu asubuhi, angalau nusu saa kabla ya chai ya maziwa. Wala kupata nafuu si ruhusa ya kuiacha.

Wapo pia wachache mno, yapata mtoto 1 kati ya 40,000 wanaozaliwa, ambao homoni imejaa damuni lakini baadhi ya viungo haviitii, kwa sababu ya kasoro ya kurithi ambayo Samuel Refetoff na wenzake waliieleza Marekani mwaka 1967. Kwao T4 huwa juu na TSH haishuki, hata tabibu mwenye pupa akadhani tezi imezidisha kazi, akaiondoa bure. Basi anayejitangazia ugonjwa wa tezi kwa uchovu tu, akameza homoni za kuazima ili akonde, anauchezea moyo wake.

Na chumvi je? Sheria ya Kenya iliamuru itiwe madini ya iodini tangu 1978 ili kuzuia rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, lakini pakiti huachwa wazi kando ya jiko, na joto na mvuke huyapoteza madini hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa anayelipia ukuta huo ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake huumia mama akikosa iodini. Mjamzito anayetumia levothairoksini na amwambie mkunga mapema, kwa kuwa mara nyingi kipimo cha dawa hulazimu kuongezwa.